Mfanyabiashara na nyota: anza na macho, fuata simu, teleskopu iwe ya mwisho

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MFANYABIASHARA wa ndagala hapa Bujumbura anaujua mwezi kuliko anavyodhani. Anajua kwamba siku za mwezi mpevu mitumbwi mingi hubaki ufukoni, kwa sababu samaki hawa, ambao Kigoma huitwa dagaa, huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Anajua kwamba mzigo ukipungua bei hupanda, na kwamba mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza wavuvi hurudi ziwani na ndagala hurudi sokoni. Hesabu hiyo, ambayo wengi waliipokea kwa wazazi wao, ni mlango wa elimu ya falaki.

Makala haya ni kwa yule anayetaka kuingia zaidi ya mlangoni: kuzitambua nyota, kuzifuatilia mwaka mzima, na hata kuzipiga picha. Anayefanya biashara ya kuvuka mipaka ana nafasi nzuri kuliko mkazi wa mjini. Hulala kwenye foleni ya malori Kobero, hukesha kwenye meli ya kwenda Kigoma, husubiri alfajiri Bugarama ili ashushe mboga mjini. Saa hizo humpita akiwa gizani, na giza ndilo kitu cha kwanza kinachohitajika katika shughuli hii.

Hatari iko kwenye mfuko. Mtu akivutiwa na nyota, jambo la kwanza analofikiria ni kununua teleskopu. Huiona dukani ndani ya boksi lenye picha ya Zohali yenye pete za rangi, analipa, na baada ya wiki mbili chombo kinapanda juu ya kabati. Fedha hiyo ilikuwa mtaji. Kwa hiyo utaratibu wetu hapa ni huu: macho kwanza, kisha simu uliyonayo, kisha darubini ya macho mawili, na teleskopu mwisho kabisa, kama bado unaitaka.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Falaki ni elimu ya nyota, sayari, mwezi na jua kama vitu vinavyopimika. Unajimu wa kutabiri ndoa na biashara ni habari nyingine, na hatuugusi hapa.

Bujumbura iko mahali pazuri

Jiji hili liko kusini mwa ikweta kwa nyuzi tatu na kidogo tu. Maana yake ni kwamba mtu wa hapa huona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, jambo ambalo mtu wa Ulaya au wa Afrika Kusini halipati.

Mfano ulio rahisi kuujaribu ni wa mwezi Mei, saa tatu usiku. Ukielekea kusini, upande wa Rumonge, utaona nyota nne angavu zilizopangika kama msalaba: huo ni Msalaba wa Kusini. Geuka nyuma utazame kaskazini, upande wa Kayanza. Utaona nyota saba zenye umbo la upawa mkubwa uliopinduka. Makundi haya mawili husimama yakitazamana, kila moja likiwa karibu theluthi ya safari ya kutoka upeo wa macho hadi utosini. Kutoka London Msalaba wa Kusini hauonekani kabisa.

Lakini Nyota ya Kaskazini, ile ambayo vitabu vya Wazungu husema ndiyo ya kumwelekeza msafiri, haionekani Bujumbura. Iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima. Kwetu kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi na zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja katikati ya kundi la Orion. Kwa kuwa ziko karibu sana na mstari wa ikweta ya anga, huchomoza mashariki kabisa na kuzama magharibi kabisa. Januari, mnamo saa nne usiku, zinakuwa karibu juu ya utosi wako. Aliye ziwani bila dira anaweza kuzitegemea zikiwa zinachomoza au zinazama.

Kilimia nacho ni chetu. Ni kishada kidogo cha nyota sita au saba zilizosongamana, na jina lake limetokana na kulima, kwa sababu wakulima wa Afrika Mashariki walikitumia kama kalenda ya mvua na jembe. Katikati ya Novemba huchomoza upande wa mashariki, kikivutia kaskazini kidogo, wakati jua linapozama, kisha hukaa angani usiku kucha.

Usiku upi, na mahali gani

Kanuni ya kwanza ni ile ile ya mvuvi: mwezi mpevu ni adui wa nyota. Mwezi huchukua siku 29 na nusu kutoka mwandamo hadi mwandamo. Siku ya mwezi mpevu huchomoza wakati jua linazama, na kila siku inayofuata huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Siku tano baada ya mwezi mpevu, basi, unapata saa kadhaa za giza kabla haujachomoza. Usiku bora kuliko wote ni ule wa karibu na mwandamo. Ukiona ziwa limejaa taa za wavuvi kama mji mwingine uliojengwa majini, jua kwamba na wewe una giza la kutosha.

Kanuni ya pili ni hali ya hewa. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho chenye usiku mwingi usio na mawingu, na kwa bahati nzuri ndipo ukanda mnene wa Njia ya Maziwa, pamoja na kundi la Nge lenye mkia uliopinda na nyota nyekundu kifuani, unapopita juu yetu. Juni sehemu hiyo hufika juu kabisa karibu na saa sita usiku. Katikati ya Agosti hufika mapema, saa mbili usiku. Tatizo la kiangazi ni vumbi na moshi wa mioto ya nyika. Siku ambayo milima ya Kongo haionekani kutoka ufukweni mchana, nyota za chini nazo hazitaonekana usiku. Mwanzoni mwa Juni, kabla ukungu huo haujawa mzito, ndipo pazuri. Usiku unaofuata mvua kubwa nao huwa safi ajabu, mawingu yakifunguka.

Kuhusu mahali, katikati ya jiji si pa kukata tamaa. Mwezi, sayari na nyota angavu huonekana hata kwenye kibaraza cha Buyenzi au Kamenge, na umeme ukikatika anga hubadilika ghafla mbele ya macho yako. Kwa Njia ya Maziwa unahitaji kutoka. Barabara ya kusini kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac ina giza zuri. Milimani Bugarama hewa ni nyepesi na safi, ila kuna baridi na ukungu, kwa hiyo beba koti.

Kuna tahadhari mbili zisizo za mchezo. Ya kwanza ni viboko, ambao usiku hutoka ziwani na mtoni Rusizi kula majani, wakati mwingine hadi karibu na makazi. Usikae ufukweni peke yako gizani, na usikae kati ya kiboko na maji. Ya pili ni usalama wa mpakani. Askari wa doria hana namna ya kujua kama unaitazama Zohali au unaipeleleza kambi. Usielekeze darubini wala kamera kwenye kambi, daraja, bandari au ofisi za mpaka. Jitambulishe, omba ruhusa, na ukikataliwa funga vifaa vyako. Tochi ya leza isielekezwe angani karibu na njia ya ndege.

Macho kwanza

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo yafunguke sawasawa. Kuangalia simu mara moja tu kunayarudisha mwanzo. Punguza mwanga wa skrini hadi mwisho, au funika tochi kwa kitambaa au karatasi nyekundu, maana mwanga mwekundu hauyaumizi macho yaliyozoea giza.

Pakua programu moja ya ramani ya anga kabla ya safari. Stellarium ina toleo la bure, na ukiisha kuipakua hufanya kazi hata pasipo na mtandao. Ukiinua simu kuelekea nyota, inakutajia jina. Tumia programu kujifunza makundi matatu tu kwa mwezi. Mwisho wa mwaka utakuwa unasoma anga bila simu.

Ili kutofautisha sayari na nyota, tazama kama inametameta. Nyota humetameta, sayari hutoa mwanga uliotulia. Zuhura ndiyo angavu kuliko zote; huonekana jioni magharibi juu ya milima ya Uvira, au alfajiri mashariki, kamwe si usiku wa manane. Mshtarii huifuata kwa mwangaza, Mirihi ina wekundu, Zohali ina rangi ya krimu iliyofifia.

Milima hiyo ya Uvira inafaa kukumbukwa pia na wanaoutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani na Idi. Ziwa ni jembamba upande huu wa kaskazini, na milima ya ng'ambo ni mirefu, kwa hiyo jua na mwezi mchanga hupotea dakika kadhaa mapema kuliko vinavyopotea kwa mtu mwenye upeo ulio wazi. Anayetazama akiwa juu kidogo mlimani ana nafasi nzuri kuliko aliye ufukweni.

Simu uliyonayo

Simu janja ya kawaida inaweza kupiga picha ya nyota, ikitimiza sharti moja: isitikisike hata kidogo. Stendi ndogo ya miguu mitatu inatosha. Ukikosa, mfuko mdogo wa maharage juu ya boneti au juu ya gunia hufanya kazi hiyo vizuri. Bonyeza simu ndani ya mfuko hadi itulie.

Fungua kamera, tafuta sehemu iliyoandikwa Pro. Weka ISO kati ya 800 na 3200. Weka muda wa lenzi kubaki wazi kuwa sekunde 10 hadi 15. Fokasi ipeleke mwisho, kwenye alama ya mlima. Washa kipima muda cha sekunde tatu ili kidole chako kisitikise simu wakati wa kubonyeza. Kama simu haina sehemu hiyo, tumia mtindo wa usiku, ukiwa bado umeiegemeza.

Wapiga picha wana kanuni ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 25 hivi, kwa hiyo jibu ni sekunde 20. Sisi tupunguze. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na nyota zilizo karibu na ikweta ya anga, ambazo kwetu hupita utosini, ndizo zinazokimbia zaidi kwenye picha. Ukizidisha sekunde, nyota zinakuwa vijistari. Ni afadhali upige picha 20 za sekunde 10, kisha uziunganishe kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama Sequator au DeepSkyStacker. Matokeo yana nyota nyingi na chenga kidogo.

Mwezi unataka kinyume chake. Ni jiwe linalowakwa na jua, kwa hiyo unang'aa sana, na simu ikiachwa iamue yenyewe hutoa doa jeupe. Gusa mwezi kwenye skrini, shusha mwangaza. Au weka ISO 100 na muda wa sehemu 1 ya 200 ya sekunde. Mwezi wa nusu huonyesha mashimo na milima yake vizuri kuliko mpevu, kwa sababu vivuli ni virefu.

Kabla hujatoa fedha

Kifaa cha kwanza cha kununua kiwe darubini ya macho mawili yenye maandishi 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukiiegemeza ukutani, 10x50 inakuonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii, ile ile ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Inakuonyesha wingu linalong'aa chini ya zile nyota tatu za Orion, na nyota nyingi za Kilimia ambazo macho hayazioni. Tena mchana ina kazi nyingine. Usiielekeze kwenye jua hata kwa nukta moja, linaweza kukupofusha.

Ukifikia teleskopu, kipimo ni upana wa lenzi au kioo chake. Namba ya kukuza iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi isikushtue. Kiwango cha juu kinachofaa ni takriban mara mbili ya upana kwa milimita: yenye milimita 60 haiwezi kukupa picha safi zaidi ya mara 120. Boksi linalodai mara 525 kwa lenzi ya milimita 60 linakudanganya, kama mzani uliochezewa. Angalia na miguu. Ukiigusa teleskopu dukani ikatikisika sekunde kadhaa kabla ya kutulia, iache. Yenye kioo cha milimita 114 hadi 150, iliyo kwenye kitako kizito cha mbao kinachozunguka, humfaa anayeanza kuliko ile yenye miguu myembamba na vifundo vingi. Pete za Zohali zinahitaji kukuzwa mara 30 hivi au zaidi, kwa hiyo hata teleskopu ndogo iliyo imara huzionyesha.

Kuhusu forodha, kumbuka kwamba Cheti Rahisi cha Uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotokana na nchi wanachama. Teleskopu iliyotengenezwa Asia haiingii humo hata kama umeinunua Kariakoo. Muulize wakala wako wa forodha kabla ya kulipa, siyo ukiwa Kobero. Na kama unasafiri na kamera au darubini yako ya zamani, tembea na risiti yake, isije ikahesabiwa kuwa mzigo mpya wakati wa kurudi.

Wenzetu wa kanda

Shughuli hii ina mizizi kwetu. Anayepita barabara ya Mbeya kwenda Tunduma anaweza kuchepuka Mbozi, mkoani Songwe, akaone kimondo cha takriban tani 16, sehemu kubwa chuma na nikeli, kilichoanguka kutoka angani. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Wamarekani na Waitaliano walirusha tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Nchini Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen wamekuwa wakizunguka na teleskopu mashuleni na vijijini kupitia mradi wao wa The Travelling Telescope. Tanzania, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amewafundisha wananchi falaki kwa miaka mingi, hata kupitia magazeti. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama kwa miwani maalumu.

Tangazo la tukio kama hilo likitoka nchi jirani, angalia saa. Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo tuko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Mwezi ulipopatwa kikamilifu tarehe 7 Septemba 2025, ulianza kufunikwa wote saa 1:30 usiku kwa saa ya Bujumbura, ambayo Dar es Salaam ni saa 2:30. Tukio ni moja, wakati ni ule ule. Aliyeisoma saa ya Dar akiwa hapa bila kuibadilisha alichelewa saa nzima. Kwa wanaosafiri mbali, tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote katika ukanda unaopita Misri, Jeddah na Makka, Yemen na ncha ya Somalia. Kupatwa kwa mwezi hutazamwa kwa macho matupu bila madhara. Jua linahitaji miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Miwani ya kawaida ya jua haifai.

Anayetaka kuanza leo hahitaji kununua kitu. Chukua daftari lako la bei. Pembeni ya bei ya ndagala ya kila siku, andika mwezi ulichomoza saa ngapi, na kundi moja la nyota uliloliona. Fanya hivyo kwa siku 30. Mwisho wa mwezi utakuwa na safu mbili zinazosomeka pamoja, moja ya sokoni na nyingine ya angani, na utajua wewe mwenyewe kama ile darubini unaihitaji.